Ukihama klabu, mshipi wako una thamani gani?

Kuna barua moja ambayo mwalimu akiipokea nyumba nzima hutikisika: barua ya uhamisho. Dada yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliipokea yake akiwa Kitale. Alitakiwa kuripoti Bungoma muhula ukifunguliwa. Vyombo vikafungwa, godoro likakunjwa, na lori likateremka kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha likashika njia ya Bungoma.

Katika mkoba wake wa shule, mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu alikuwa amebeba kitu alichokithamini kuliko vyote: mshipi wa kijani wa karate. Aliufanyia kazi kwa miaka mitatu, kila Jumamosi, katika ukumbi uliokodishwa. Mama yake alilipa ada ya mwezi na ya mitihani kutoka katika mshahara usiotosha.

Juma la pili Bungoma alipata klabu. Siku ya kwanza aliingia amejifunga mshipi wake. Mwalimu akamtazama, akamwita kando, akamwambia kwa upole avae mweupe kama wageni wote. Kijana alivua, akaukunja, akarudi nyumbani. Jumamosi iliyofuata hakwenda. Nilipowatembelea aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mjomba, kwani nilifeli?"

Mpenzi msomaji, huenda nawe una mtoto wa aina hii, au wewe mwenyewe ni mtu mzima uliyehamishwa kikazi na mshipi wako umo sandukuni. Je, cheo ulichokipata kwa jasho katika klabu moja ni haki yako katika klabu nyingine?

Hebu tuanze na mshipi wenyewe, maana wengi wetu tunadhani rangi hizo zilikuwapo tangu enzi za mababu wa Wajapani. Sivyo. Jigoro Kano alianzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, na mwaka uliofuata ndipo alipotoa daraja za kwanza za dani kwa wanafunzi wake. Karate iliuazima utaratibu huo baadaye. Gichin Funakoshi alitoa daraja zake za kwanza mwaka 1924. Nazo rangi nyingi tunazoziona leo zilienea kutoka Ufaransa katika miaka ya 1930, ambako mwalimu wa judo Mikonosuke Kawaishi aliona kwamba wanafunzi wa huko walihitaji kuona hatua zao moja baada ya nyingine.

Basi rangi ni alama ya mwalimu kumwambia mwanafunzi, "Umefika hapa." Na kwa kuwa kila nyumba ina alama zake, rangi moja husema maneno tofauti. Katika taekwondo mshipi mwekundu huwa chini ya mweusi. Katika judo mwekundu huvaliwa na wazee wachache mno waliofika dani ya tisa na ya kumi. Mwenye karate ana mshipi wa kahawia, ambao klabu nyingi za taekwondo hazina kabisa. Sasa ukiingia ugenini ukidai "rangi yangu", unadai kwa lugha ambayo mwenyeji huenda haisemi.

Kwetu upande huu wa magharibi tunajua cheo kisichovuka mpaka na kile kinachovuka. Kijana wa Kibukusu aliyetahiriwa Kimilili mwezi wa Agosti akihamia Kitale, hakuna atakayemwambia aingie jandoni upya. Rika lake, awe wa Nyange au wa Maina, atakwenda nalo hadi kaburini. Lakini mwanafunzi yuyo huyo akihamia shule nyingine, mwalimu mkuu huuliza barua na ripoti, na pengine humpa mtihani kabla ya kumwonyesha darasa. Wazazi wangapi wamelia mtoto akirudishwa darasa moja nyuma?

Mshipi uko karibu zaidi na ripoti ya shule kuliko jando. Ni ushuhuda wa mtu fulani, kuhusu mafunzo fulani, siku fulani. Thamani yake hutegemea kama mwenyeji wako anamfahamu shahidi huyo.

Kwa hiyo kuna hali tatu. Ya kwanza ni pale unapohamia klabu ya mtindo uleule na chama kilekile. Hapa aghalabu hakuna taabu. Cheti chako kinatosha. Taekwondo ina mfano mzuri. Mshipi mweusi uliosajiliwa Kukkiwon, makao yaliyofunguliwa mjini Seoul mwaka 1972, una cheti kinachotambuliwa na klabu za mkondo huo popote duniani. Mishipi ya rangi iliyo chini yake, hata hivyo, hubaki mikononi mwa klabu na chama cha nchi.

Hali ya pili ndiyo iliyompata mpwa wangu: mchezo ni uleule kwa jina, lakini mtindo ni mwingine. Kitale alifunzwa Shotokan, yenye hatua ndefu na pigo la kutoka mbali. Klabu ya Bungoma ni ya Goju-ryu, yenye kusimama kwa karibu na kupumua kwa namna ya pekee. Taekwondo nayo ina mgawanyiko wake. Shirikisho lililoanzishwa na Choi Hong Hi mwaka 1966 lina mifuatano yake ya mapigo na vyeti vyake, tofauti na vile vya Kukkiwon.

Hali ya tatu ni kubadili mchezo kabisa, kwa mfano kutoka karate hadi judo. Hapo usisumbuke kudai. Anza mweupe. Miguu yako iliyokwisha kuzoea itakusemea.

Nilikwenda kumwona yule mwalimu wa Bungoma nikiwa nimejaa hasira, sitaficha. Nilidhani amemdhalilisha kijana ili apate ada za mitihani upya. Alinikaribisha, akanipa kiti, akamwita mwanafunzi wake wa mshipi wa kijani afanye mfuatano wa mapigo wa daraja hiyo. Kisha akaniuliza, "Ndugu yangu, mtoto wako anaujua huu?" Nikasema hapana, hajawahi kuuona. "Basi nikimsimamisha mstari wa kijani, siku ya mtihani atasimama kama aliyealikwa kuimba wimbo asioujua. Hiyo ndiyo aibu ninayomwepushia."

Hasira zikanitoka. Nilimwambia tu kwamba neno hilo angemwambia kijana mwenyewe, kwa maana yeye alielewa kuwa ameshushwa. Mwalimu alinyamaza kidogo, akakiri. Tukakubaliana: miezi mitatu na mshipi mweupe, kisha apimwe na kuwekwa mahali anapostahili, bila kulipia kila daraja ya katikati. Jioni ile mwalimu alimpigia simu kijana, akazungumza naye kama mtu mzima.

Kutokana na hayo, msomaji, nina mambo machache ya kukushauri.

Kabla hujahama, mwombe mwalimu wako wa zamani barua. Aandike jina la mtindo, chama, daraja uliyofikia, tarehe ya mtihani wa mwisho na nani aliyekupima. Weka vyeti pamoja na vyeti vya shule, si chini ya godoro.

Ufikapo, zungumza na mwalimu mpya kabla ya siku ya kwanza, wala si mbele ya darasa. Muulize wageni huvaa nini. Mshipi mweupe kiunoni mwa mtu anayejua haumpunguzii kitu. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza. Na ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho.

Uliza pia habari za pesa. Mwalimu anayekutaka ulipie mitihani yote tangu mwanzo bila hata kukutazama ukipiga teke, anatafuta mfuko wako. Lakini mwogope vilevile yule anayekubali rangi yako papo hapo bila kukupima, au anayekuahidi mweusi kwa muda mfupi ili usiende kwingine. Mshipi wa hisani hufunguliwa na teke la kwanza.

Nawe mzazi, usimwache mtoto alibebe jambo hili peke yake. Mtu mzima akishushwa cheo huelewa sababu, hata kama ataudhika. Mtoto huona kwamba miaka yake mitatu imefutwa. Mwambie wazi kwamba alichokijua hakijafutwa na yeyote, ila yuko kwa watu wasiomjua bado.

Wasomaji wa Bungoma mnao mfano hapo nyumbani. Faith Ogallo, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, alijiunga na taekwondo akiwa amekwisha kuwa mtu mzima. Alifuzu huko Rabat, Moroko, Februari 2020, na mwaka 2021 akaiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Katika ulingo ule hakuna pointi ya rangi ya mshipi. Pointi ni za teke na ngumi zilizofika.

Je, mpwa wangu? Alirudi. Miezi mitatu ilipopita alipimwa, akapewa mshipi wa rangi ya machungwa, daraja moja chini ya ule aliotoka nao Kitale. Nilingoja anune. Badala yake alinionyesha mfuatano mpya sebuleni, akapiga meza ya mama yake kwa kiwiko, tukakemewa sote wawili.

Mshipi wa kijani umetundikwa msumarini juu ya kitanda chake. Nilimuuliza kama ataufunga tena akifika kijani cha Bungoma, au atanunua mpya. Akafikiri. "Nitaufunga uleule, Mjomba," akasema. "Lakini kwanza niufikie."