Mwuzaji Hupimwa kwa Masikio

Wako watu wengi wanaodhani kuwa kazi ya uuzaji ni ya mtu mwenye maneno mengi. Kwa hiyo kijana mkimya aliyemaliza kidato cha nne, akisikia kampuni inatafuta wauzaji, hujitoa mwenyewe kabla hajaitwa; na yule msemaji huenda kwa majivuno, akarudi mikono mitupu. Maoni yangu ni kwamba wote wawili wamekosea. Anayehoji watu wa kazi hii hupima masikio kabla ya ulimi.

Swali la kwanza huwa jepesi: "Tueleze habari zako." Hapa haitakiwi hadithi ya tangu kuzaliwa. Sema kwa dakika mbili umesoma wapi, umewahi kuuza nini, na kwa nini waitaka kazi hiyo. Kama uliuza maandazi ya mama, usifiche. Aliyeuza maandazi anajua kurudisha chenji na kumvumilia mteja.

Halafu huenda mhoji akachukua kalamu mezani akasema, "Niuzie hii." Wengi huanza papo hapo kuisifu: nzuri, imara, haivuji. Mwuzaji hodari huuliza kwanza: Je, bwana, huandika sana? Uliyo nayo ina kasoro gani? Akishajua haja ya mtu, ndipo husema maneno machache yanayoihusu. Wala asiseme uwongo. Amdanganyaye mhoji leo, kesho atamdanganya mteja.

Pengine mhoji atajifanya mteja mkali: "Bei yako ghali, na bidhaa yenyewe hafifu." Usikasirike, huo nao ni mtihani. Wahenga walisema biashara haigombi. Muulize ni kitu gani hasa kisichompendeza, kisha ujibu kwa upole.

Hesabu nazo hazikosi. Tuseme mshahara ni shilingi 300,000 kwa mwezi, pamoja na kamisheni ya asilimia 5 ya mauzo. Ukitaka kamisheni yako ifike shilingi 200,000, sharti uuze bidhaa za shilingi 4,000,000. Kwa siku 26 za kazi, ni karibu shilingi 154,000 kila siku. Je, katika mitaa utakayopewa, yawezekana?

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo wengi wetu twaliogopa. Tumelelewa kuona kuwa kumwuliza mkubwa habari za fedha ni utovu wa adabu. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri wa Tanzania Bara ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi, pamoja na ujira na namna unavyokokotolewa. Basi uliza kwa heshima: Mshahara upo, au ni kamisheni tupu? Nauli hulipwa na nani? Mteja aliyekopa asipolipa, deni hukatwa kwa nani? Na ukiambiwa utoe fedha kwanza ndipo upewe kazi, aga uondoke. Kijana asiyeuliza haya aweza kutembea juani mwezi mzima, akafika mwisho wa mwezi anadaiwa.

Nanyi wazazi wetu, msiidharau kazi hii mkasema ni ya waliofeli. Twasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mbegu bora na taa za jua hazina miguu ya kutoka ghalani mpaka kijijini. Lazima awepo mtu wa kuzifikisha na kueleza matumizi yake kwa ukweli.

Naomba basi chama chetu cha mdahalo kitenge jioni moja kila muhula, kidato cha nne wahojiane wenyewe kwa wenyewe, na walimu wa biashara wawe waamuzi. Kusema tumekwisha kujifunza vya kutosha. Sasa tujizoeze kusikiliza, na kuuliza bila woga.