Muuaji Akipigwa Risasi, Nani Atamtaja Aliyemtuma?

Usiku wa tarehe 8 Septemba 2025, watu wa Ntoyo, upande wa Manguredjipa wilayani Lubero, mashariki mwa Kongo, walikuwa matangani wakati wapiganaji wa kundi la waasi la ADF walipowavamia. Zaidi ya watu 60 waliuawa. Mtu aliyezika ndugu zake baada ya usiku kama ule, akisema wauaji nao wauawe, hakuna mwenye haki ya kumwita mkatili. Hasira yake ni ya haki, na anayepinga adhabu ya kifo bila kuitambua hasira hiyo hastahili kusikilizwa Butembo wala Beni. Hata hivyo nasema adhabu hii haitampa anachokidai, kwa sababu moja kubwa kuliko nyingine zote. Tangu mauaji ya halaiki yaanze wilayani Beni mnamo Oktoba 2014, kilio cha wananchi kimekuwa kwamba ukweli haujulikani: nani anaagiza, nani anawapa wauaji chakula na silaha, nani anawaonyesha njia usiku. Majibu hayo wanayo wauaji wenyewe, na ni lazima wawe hai ili wayatoe.

Tukumbuke kesi ya Kanali Mamadou Ndala, shujaa wa vita dhidi ya waasi wa M23 mwaka 2013, aliyeuawa tarehe 2 Januari 2014 huko Ngadi, karibu na mji wa Beni. Novemba mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo afisa wa jeshi letu lenyewe, luteni kanali, kwa kushirikiana na ADF. Hukumu ilikuwa kali kupita zote, lakini mpaka leo Beni inauliza nani alikuwa nyuma ya mauaji yale. Aliyehukumiwa akibaki gerezani, upelelezi unaweza kumrudia baada ya mwaka mmoja au kumi, ushahidi mpya ukipatikana au woga wa kutaja majina ukiisha. Akipigwa risasi, faili limefungwa, na atakayelala usingizi mzuri kuliko wote siku hiyo ni yule aliyemtuma.

Kuanzia 2003 Kongo iliendelea kutoa hukumu za kifo bila kuzitekeleza. Waraka wa waziri wa sheria wa tarehe 13 Machi 2024 uliondoa zuio la kuzitekeleza, ukisema ni kwa ajili ya wasaliti jeshini na majambazi wa mijini. Sisi wa Lubero tuliona haraka nani aliyepatikana. Mwishoni mwa Juni mwaka huohuo Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23, na tarehe 3 Julai mahakama ya kijeshi ya Butembo ilihamia Alimbongo, ikasikiliza kesi ya askari waliokimbia vita na kupora mali ya raia. Kwa siku moja tu, askari 25 walihukumiwa kifo. Wake wao wanne walioshtakiwa pamoja nao waliachiliwa. Sitetei askari anayewaacha raia mbele ya adui kisha akavunja duka lao. Lakini je, mahakama inaweza kupima maisha ya watu 25 kati ya asubuhi na jioni? Ni nani kati yao aliyeachwa bila risasi, nani aliyefuata amri ya mkubwa wake, nani aliyekimbia kwanza? Katiba yetu, kifungu cha 61, inasema haki ya kuishi haiguswi hata wakati wa utawala wa dharura, nasi tuko chini ya utawala huo tangu Mei 2021.

Wanaoitetea adhabu hii husema muuaji anahitaji kitu cha kumtisha. Ingekuwa hivyo kwa mtu mwenye kupiga hesabu ya kesho. Mpiganaji wa ADF ameshaishi miaka msituni akiwindwa kwa mabomu na majeshi ya nchi mbili. Kifo cha mahakamani hakimwongezei hofu yoyote. Waraka wa Machi ulikuwa bado mpya wakati vijiji vya Masala, wilayani Beni, na Mayikengo, wilayani Lubero, vilipochinjwa Juni 2024.

Hoja nzito zaidi ni ya magereza, na ina ukweli wa kuumiza. Oktoba 2020 ADF walivunja gereza la Kangbayi mjini Beni, wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoroka. Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, Butembo: zaidi ya 800 walikimbia na polisi waliuawa. Mwananchi anauliza kifungo cha maisha kina maana gani ikiwa ukuta hausimami. Namjibu kwamba wengi wanaojaza magereza ya nchi hii ni watu wanaongoja kesi, hawajahukumiwa. Dola isiyojua kutenganisha mahabusu wa wizi wa kuku na muuaji wa halaiki, dola inayoshindwa kulinda mlango, haijawa na uwezo wa kuchagua bila kosa nani afe. Mlango unaweza kuimarishwa, na wafungwa hatari wanaweza kuhamishwa mbali na eneo la vita. Kosa la mahakama halirekebishwi namna hiyo. Eddy Kapend alihukumiwa kifo Januari 2003 kwa mauaji ya Rais Laurent-Désiré Kabila, na mahakama ambayo haikuruhusu rufaa. Akatoka kwa msamaha wa rais Januari 2021, akishikilia kwamba hakuhusika. Ukimwamini au usipomwamini, leo bado anaweza kuulizwa.

Ndiyo maana ninalitaka Bunge lifute adhabu hii kwenye sheria za jinai za kiraia na za kijeshi, liweke kifungo cha maisha mahali pake, na litenge fedha kwa ajili ya wapelelezi wanaofika kijijini kabla damu haijakauka, na kwa ulinzi wa mashahidi wanaoogopa kuchinjwa wakirudi nyumbani. Na muuaji atakayetaja majina ya waliomtuma alindwe gerezani, ili asimame tena mbele ya hakimu siku watakapofikishwa wao.