Ushei Una Watu

Sensa ya Kenya ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 iliiandikia Meru watu 1,545,714 na Embu 608,599. Barazani hatuzitaji hivyo. Tunasema milioni moja na nusu, laki sita na ushei, maneno yanasonga mbele. Toleo hili la nambari kubwa lina ugomvi na huo ushei. Wa Meru pekee ni watu 45,714, na idadi ya watu ni kigezo kimojawapo cha kugawia kaunti fedha.

Nambari iliyoandikwa yote hukaguliwa. Shirika la Takwimu la Taifa (KNBS) liliorodhesha Meru wanaume 767,698, wanawake 777,975 na huntha 41, ambao sensa hiyo ndiyo ya kwanza nchini kuwahesabu peke yao. Shika kalamu. Jumlisha tarakimu za kila kundi mpaka ibaki moja: wanaume 7, wanawake 6, huntha 5. Hizo ni 18, yaani 9. Sasa jumla ya kaunti: 1+5+4+5+7+1+4 ni 27, nayo ni 9. Zimepatana. Mbinu hii kongwe hutegemea baki la kugawanya kwa 9, na ina upofu wake: karani akipindua tarakimu mbili akaandika 1,554,714, atapita bila kusutwa. Lakini akikosea tarakimu moja, 4 ikawa 6, ananaswa papo hapo. “Milioni moja na nusu” haikaguliki kwa lolote.

Embu ni ngumu zaidi, na kwa hiyo tamu zaidi. Jaribu kuigawanya 608,599 kwa nambari tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Anza na 2, 3, 5, 7, uendelee. Kumi na tano za mwanzo zote zinaacha baki. Ya kumi na sita, 53, inaingia sawasawa mara 11,483, nayo 11,483 ni tasa. Hakuna jozi nyingine ya tasa itakayozaa nambari hiyo. Mwanahisabati Gauss alithibitisha kanuni hiyo kwa kila nambari mwaka 1801. (Wanawake wa Embu waliwazidi wanaume kwa 159, yaani 3 × 53. Ni sadfa tupu, asitokee mtu wa kuitabiria.)

Ongeza mtoto mmoja tu. 608,600 ni 8 × 25 × 17 × 179, na 53 haimo tena, kwa kuwa nambari mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja ila 1.

Shuleni watoto hupewa 360 na 1,260, nambari zinazovunjika zikiguswa. Tungependa wapewe za kwao. Tharaka-Nithi, iliyo katikati ya kaunti hizi mbili, ilipata 393,177. Tarakimu zake zinajumlika kuwa 30, basi 3 imo, na inabaki 131,059. Je, ni tasa? Wa kujaribu kwa mkono asikome kabla ya 359.