Mashini haimo katika muchoro, lakini inatukata mushahara

Ndugu wafanyakazi wa mine, na ninyi wamama munaotungojea nyumbani,

Katika biro ya wakubwa kuna karatasi kubwa ukutani. Wanaiita muchoro wa kazi ya mushahara. Ni visanduku na mishale: mufanyakazi anapitisha badji, kapita anahakikisha saa, biro ya mishahara inahesabu, banki inalipa. Tuliuliza katika mukutano: mashini ya badji iko wapi hapa? Na ile serveri yenye majina yetu? Enjeniya moja akacheka kidogo. «Ile ni mambo ya informatiki, haiingie mu muchoro.»

Sisi hatukucheka. Juu usiku moja umeme ulikatika, jenereta ikachelewa, na mashini ya pa mulango haikuandika kitu. Wenzetu walishuka chini, wakatoboa mawe, wakatoka asubuhi na vumbi usoni. Mwisho wa mwezi karatasi ya mushahara ikasema: hakuja kazini. Kapita akasema si yeye. Biro ya mishahara ikasema wao wanafuata komputa. Watu wa informatiki wakasema mushahara hauwahusu. Kila mutu alionyesha muchoro, na kweli, kosa halikuwa katika kisanduku cha mutu yeyote. Mama moja alikuja kwetu na deni ya minervali mukononi. «Baba yao alienda kazini, mi mwenyewe nilimufungia chakula.» Tumujibu nini?

Basi tukakaa, tukajifunza kusoma michoro hii. Kanuni inayotumika sana inaitwa BPMN. Toleo lake la pili ni la 2011. Humo kuna alama kama pipa kwa mahali habari zinawekwa. Kuna magurudumu ya meno kwa kazi inayofanywa na mashini bila mutu. Kuna hata alama ya radi, ya kuonyesha kosa limeingia na njia gani ifuatwe. Kwa hiyo asituambie mutu kwamba haiwezekani. Ni kweli, jenereta na kamba hazina alama zao pale. Lakini kuna kanuni ingine, ArchiMate, inayochora kazi ya watu juu, programu katikati, na mashini zenyewe chini, mpaka unaona nini inabeba nini.

Wanasema tukichora kila kamba muchoro utakuwa pori. Hapo wana haki. Hatuombi kila kamba. Tunaomba kile tu ambacho kikianguka, mutu anakosa siku yake: mashini ya pa mulango, serveri, njia ya umeme inayozilisha. Kando ya kila kimoja, jina la kazi ya mwenye kukijibia. Na mushale moja zaidi: mashini ikinyamaza, kaye ya kapita yenye sahihi ndiyo inahesabiwa. Kaye hiyo iko tangu zamani, wakubwa wanaijua vizuri.

Na delegasyo ya sindika ione muchoro mbele haujatiwa sahihi, si kisha.

Kila mwenye kukatwa siku mwezi ule, alete karatasi yake ya mushahara kwa delege. Nyuma yake aandike saa aliyoingia, na jina la kapita aliyemupokea.