Kichujio na Usiku wa London

Imekuwa desturi katika miaka hii kuwasifu wapiga picha za nebula wakaao mijini kana kwamba wameushinda mji. Mtu wa London husimamisha darubini yake uani, baina ya kamba ya kuanikia nguo na ukuta wa jirani, chini ya anga ya rangi ya majivu isiyoonyesha ila nyota chache. Naye baada ya usiku kadha wa kadha hutokea na picha ya mawingu mekundu na ya samawati ambayo jicho halikupata kuyaona. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini katika sifa hiyo limezaliwa neno baya, nalo ni hili: kwamba madhali vichujio vimepatikana, nuru ya mji si hasara tena, na wanaolalamikia taa ni watu wa kale wasiojua ufundi. Neno hilo si kweli, na ubaya wake umezidi kwa kuwa husemwa na wale wale waliostahili kuwa mashahidi wa kwanza juu ya taa.

Wako washtaki wa namna nyingine, wasemao kwamba picha hizo ni uzushi kwa sababu jicho halizioni rangi zile. Hao wajibiwe kwa maneno machache. Jicho hupokea nuru na kuisahau mara moja, ilhali kamera huiweka akiba kwa saa nyingi. Mwaka 1883 A. A. Common alipiga picha ya nebula ya Orioni kwa darubini ya kioo cha inchi 36, katika bustani ya nyumba yake huko Ealing, magharibi ya London, na picha ile ilionyesha nyota zilizolishinda jicho. Malipo yake hayakuwa tuhuma, bali nishani ya dhahabu ya Royal Astronomical Society mwaka 1884. Kadhalika mwenye kuipa salfa rangi nyekundu, haidrojeni kijani na oksijeni buluu, kama ilivyofanywa katika picha mashuhuri ya darubini ya Hubble mwaka 1995, hadanganyi maadamu ametaja alilofanya. Ramani nazo hupaka nchi rangi, wala hapana msafiri aendaye Uganda akitazamia kukuta ardhi ya manjano.

Shauri la kichujio ni zito zaidi, na asili yake ni huko huko London. Tarehe 29 Agosti 1864, William Huggins, nyumbani kwake Tulse Hill, alielekeza spektroskopu kwenye nebula iliyomo katika kundi la Draco. Alitazamia nuru iliyotandazwa rangi zote kama ya nyota; akaona mistari miangavu michache tu. Ikawa dhahiri kwamba nebula ile ni gesi. Mstari wake wa kijani ulidhaniwa baadaye kuwa wa kitu kisichojulikana duniani, hata Ira Bowen alipoonyesha mwaka 1927 kwamba ni wa oksijeni iliyopotewa na elektroni mbili. Kichujio cha leo chajengwa juu ya jambo hilo. Hufungua mlango mwembamba, wa nanomita 3 hadi 7, mahali pa nanomita 656.3 kwa haidrojeni au 500.7 kwa oksijeni, kikafunga penginepo pote. Nuru ya taa za mji hugonga mlango huo, na iliyo nyingi hubaki nje.

Hapo ndipo wenye kujisifu wanapoishia, napo ndipo ilipowapasa kuanza. Kilichookolewa ni gesi iwakayo yenyewe, wala si kila wingu la mbinguni liwakalo. Na zitazamwe Kilimia, nyota ambazo jina lake kwa Waswahili limefungamana na kulima. Zimezungukwa na ukungu wa samawati, ambao sehemu yake aliiona Tempel mwaka 1859 akiwa Venice. Ukungu huo ni vumbi; hauna nuru yake, waakisi tu ya nyota, na nuru ya nyota imeenea rangi zote. Mwenye kuweka kichujio mbele yake hufukuza taa na vumbi kwa pamoja, akabaki na vitone vya nyota katika giza la bandia. Andromeda nayo, ambayo ni jamii ya nyota, ina hali iyo hiyo isipokuwa katika vidoa vyake vya haidrojeni.

Tena maendeleo yenyewe yameivunja dawa iliyokuwako. Taa za sodiamu za kanieneo ndogo zilimwaga nuru yake karibu yote mahali pamoja, penye nanomita 589, na kuikata haikuwa kazi kubwa. Taa nyeupe za LED zatandaza nuru toka buluu hata nyekundu, kama nyota zenyewe. Nani atauza kichujio cha kutenga nyota na mfano wa nyota?

Wakibanwa hapo husema: basi na ziongezwe saa. Hesabu ya neno hilo ni nyepesi. Kwa vitu hivi hafifu, anga ikiwa na nuru mara 20 kuliko ya nyika, kazi ya saa moja ya nyikani huhitaji saa 20 mjini ili ilingane nayo, na London haina wingi wa usiku usio na mawingu. Wala deni halisimami. Uchunguzi uliotolewa katika jarida la Science mwaka 2023, uliotokana na watu wengi wa nchi mbalimbali kutazama nyota kwa macho baina ya 2011 na 2022, ulikuta nuru ya anga imezidi kwa kadiri ya asilimia 9.6 kila mwaka. Yaani yajikunja maradufu kwa miaka minane hivi. Aongezaye saa amlipa mdai ambaye riba yake haimsubiri.

Yasemwe pia ya wasio na kamera. Atlasi ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe walipo. Kichujio hakimfai mtoto atazamaye juu kwa macho matupu.

Wala si kweli kwamba mji hauwezi kuonywa. Flagstaff, katika Arizona, ulitunga amri juu ya taa za kurunzi zilizoelekezwa angani tangu mwaka 1958, kwa ajili ya watazama nyota. Uingereza na Wales zina sheria ya mwaka 2005 iufanyayo mwanga utokao katika majengo na viwanja kuwa kero ya kushtakiwa. Lakini viwanja vya ndege, bandari, reli na magereza vimeachiliwa, na taa ya barabarani si jengo wala kiwanja. Upungufu huo wangoja mlalamikaji mwenye ushahidi.

Na ushahidi upo mikononi mwa watu hawa wa uani. Kila picha moja moja ya kamera zao huandika, pamoja na nebula, kiasi cha nuru ya anga kwa usiku ule na saa ile, na upande gani wa kitongoji umezidi. Ni daftari ambalo halmashauri haina. Nao wafanyaje? Huita nuru hiyo uchafu, huiondoa kwa programu mpaka anga iwe nyeusi sawasawa pande zote, kisha hufuta picha za awali ili kupata nafasi.