Baiskeli Haina Kosa, Kosa ni Saa Saba Mchana

Mwezi huu tumeamua kuzungumza juu ya baiskeli. Huenda wengine mtacheka na kusema, "Manesi nao! Baiskeli imeingiaje hospitali?" Imeingia, tena kwa mlango wa wagonjwa wa dharura.

Jumapili moja ya mwezi wa Oktoba mwaka jana, yapata saa 8 mchana, tuliletewa kijana wa miaka 19 juu ya pikipiki, amebanwa katikati ya wenzake wawili ili asianguke. Alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka na hakumtambua mama yake. Mama alituambia, "Sista, mwanangu ana malaria, nimeshampa panado." Shangazi yake alinong'ona kwamba kijana karogwa. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 41. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu.

Wenzake ndio waliotueleza. Baada ya Misa ya pili vijana walipanda baiskeli kwenda kutembelea kigango kimoja, mwendo wa kilomita 15 kwenda na 15 kurudi. Kijana huyu hakuwa amekula tangu jana yake jioni. Njiani walimpa maji akakataa, maana alikuwa anaongoza msafara na hakutaka kuonekana amechoka. Tulimvua nguo, tukammwagia maji mwili mzima, tukampepea kwa khanga huku dripu ikiingia. Alilala wodini siku 4. Tunamshukuru Mungu alirudi nyumbani na akili zake timamu. Si wote wanaorudi hivyo.

Baada ya tukio hilo wazazi kadhaa walidai matembezi ya baiskeli ya vijana yapigwe marufuku kabisa. Tunaelewa hofu yao, lakini sisi hatukubaliani nao, na tungependa kueleza kwa nini.

BAISKELI NI DAWA

Katika mikoa yetu ya Shinyanga, Simiyu na Tabora baiskeli ni kama mtu wa nyumbani. Ilibeba maji, mkaa, magunia ya pamba na wagonjwa. Siku hizi kazi nyingi kati ya hizo zimechukuliwa na pikipiki, na watu wengi hawatumii tena miguu yao. Matokeo yake tunayaona kliniki: sukari na shinikizo la damu kwa watu ambao wazazi wao hawakuyajua magonjwa hayo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aushughulishe mwili kwa angalau dakika 150 kila wiki. Anayeendesha baiskeli kwa kujifurahisha nusu saa kwa siku 5 za wiki ameshatimiza. Kumnyang'anya kijana baiskeli ili akae kijiweni siku nzima si kumlinda.

Kwa hiyo baiskeli haina kosa. Yaliyomwangusha yule kijana ni mambo matatu: jua la saa 7, tumbo tupu, na kiburi cha kushindana na kiu. Hili la tatu ndilo linalotuudhi zaidi, kwa sababu sisi wazazi ndio tunaolifundisha. Tunamsifu mtoto anayevumilia kiu na kumcheka anayepumzika chini ya mwembe. Kiu si mtihani wa uanaume. Ni mwili unaoomba haki yake.

JOTO LINAVYOUMIZA

Mwili hupenda kukaa kwenye nyuzi 37 hivi. Misuli inapofanya kazi hutoa joto, na mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Katika jua kali mtu anayekanyaga pedeli kwa nguvu anaweza kupoteza lita moja ya jasho au zaidi kwa saa moja. Mwendesha baiskeli hudanganyika kwa urahisi, kwa sababu upepo wa mwendo hukausha jasho kabla hajaliona. Akisimama tu, joto lote linamwangukia.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, na mkojo kuwa mchache wenye rangi ya chai. Hapo mtu asimame, aingie kivulini, alegeze nguo na anywe maji kidogo kidogo. Asiendelee siku hiyo.

Akianza kuchanganyikiwa, kupepesuka kama mlevi, kuzimia au kutingishwa na degedege, hiyo ni hatari ya kifo. Msingoje gari kwanza. Mvueni nguo, mmwagieni maji mengi mwili mzima, mumpepee bila kuacha, na huku mwingine atafute usafiri. Njiani endeleeni kumlowesha. Msimnyweshe kitu mtu asiyejitambua, maana maji yataingia kwenye mapafu. Panado haishushi joto la namna hii. Na ngozi ikiwa bado ina jasho, msidhani kwamba amepona.

KULA NA KUNYWA

Vijana wengi hutoka nyumbani Jumapili bila kula wala kunywa kwa ajili ya Komunyo. Tukumbushane: sheria ya Kanisa inataka kutokula wala kunywa kwa saa moja kabla ya kupokea, wala si tangu jana yake. Maji na dawa havivunji mfungo huo. Mzazi anayemzuia mtoto asinywe maji asubuhi anaongeza mzigo ambao Kanisa halikuuweka.

Chakula cha safari hakihitaji fedha nyingi. Saa mbili hivi kabla ya kuondoka mtu ale uji wa ulezi wenye karanga, au viazi vitamu, au ugali uliobaki na mboga iliyotiwa chumvi. Mfukoni aweke ndizi mbivu, karanga au michembe. Akirudi ale chakula kamili chenye maharage, dagaa au yai, ili misuli ijijenge.

Kuhusu kunywa, kila mmoja awe na chupa yake ya maji safi, na anywe mafunda machache kila dakika 15 au 20. Asinywe lita tatu kwa mkupuo, kwa sababu maji mengi mno bila chumvi nayo hudhuru. Safari ikizidi saa moja juani, kinywaji cha ukwaju chenye sukari kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole ni kizuri. Kwa mtu aliyeishiwa maji mwilini tumieni pakiti ya ORS katika lita moja ya maji. Isipopatikana, changanyeni katika lita moja ya maji safi vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Pombe si kinywaji cha safari, na vile vinywaji vya kopo vya "kuongeza nguvu" havichukui nafasi ya maji.

Kuna jambo moja ambalo wanaume husahau. Wasichana wengi hawanywi maji njiani kwa sababu hakuna mahali pa kujisaidia. Wanavumilia, kisha tunawapokea na maumivu ya kichwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Anayepanga safari apange pia vituo penye choo, shuleni au kigangoni.

WENYE MAGONJWA YA KUDUMU

Mwenye kisukari anaweza kuendesha, lakini kwanza azungumze na kliniki yake. Mazoezi hushusha sukari, na aliyechoma insulini bila kula anaweza kuanguka njiani. Akianza kutetemeka, kutoka jasho baridi na kuchanganyikiwa huku bado anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Atembee na sukari mfukoni na mwenzake ajue hali yake. Insulini isiachwe juani. Jioni akague miguu yake, kwa kuwa anaweza kuwa na kidonda asichokisikia.

Mwenye presha anayemeza vidonge vya kukojoa aulize daktari kabla ya safari za joto. Na kwa kuwa Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye selimundu kwa wingi nchini, tunawasihi wazazi: mtoto mwenye selimundu akikaukiwa maji anaweza kupata maumivu makali ya mifupa. Aendeshe taratibu, karibu na nyumbani, asubuhi au jioni, na anywe maji mara kwa mara.

MDHARAU MWIBA

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea baba mmoja aliyeanguka na baiskeli akachubuka kiganja. Alipaka masizi na mafuta ya taa, akaendelea na shughuli zake. Siku ya 9 taya zilikaza. Ilikuwa pepopunda. Tulipigana usiku na mchana, lakini tulimpoteza, kwa mchubuko ambao sabuni na maji na sindano moja ya chanjo vingeweza kuumaliza.

Mchubuko uoshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka na sabuni hadi mchanga wote utoke. Unauma, lakini ndiyo tiba yenyewe. Kisha ufunikwe kwa kitambaa safi kinachobadilishwa kila siku. Msipake masizi, majivu, samadi, mafuta ya taa, dawa ya meno, tindikali ya betri wala unga wa kapsuli. Kidonda kirefu, chenye uchafu, au kinachovimba, kutoa usaha na kuleta homa kipelekwe zahanati.

Watoto wetu huchanjwa pepopunda wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na akina mama huchanjwa kliniki ya wajawazito. Akina baba wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni, na ndio wanaoanguka na baiskeli. Akina baba, ulizeni chanjo hiyo.

Kifundo kikiteguka, msikikande kwa maji ya moto siku mbili za kwanza. Wekeni kitambaa cha maji baridi, inueni mguu na upumzike. Msimeze diklofenaki huku mwili umekaukiwa maji, kwa maana figo zinaweza kuumia. Magoti yakiuma kila mara baada ya kuendesha, tazameni siti: pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Siti iliyo chini mno huumiza magoti.

Ajali tatu zipelekwe hospitali hata kama hakuna damu. Ya kwanza ni aliyejigonga kichwa kisha akatapika au akasinzia. Ya pili ni aliyechomwa tumboni na ncha ya usukani, maana bandama au ini linaweza kupasuka polepole. Ya tatu ni mtoto aliyeingiza mguu kwenye spoku akiwa amepakiwa kwenye keria. Ngozi ya kisigino chake huweza kuonekana nzima leo na kufa baada ya siku chache.

TUNACHOPENDEKEZA

Badala ya marufuku, tunaziomba familia na viongozi wa vijana wakubaliane mambo haya. Matembezi yaanze saa 12 na nusu asubuhi na kumalizika saa 4, au yaanze saa 10 jioni na watu wafike nyumbani kabla ya giza. Kati ya saa 5 na saa 9 mchana, hasa Septemba na Oktoba, baiskeli zikae kivulini. Kila mmoja awe na chupa ya maji, kofia na nguo nyepesi. Mmoja abebe sabuni, kitambaa safi na pakiti mbili za ORS. Wanaoanza wapewe wiki mbili za safari fupi ili miili izoee joto.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote: kiongozi wa msafara asikae mbele. Akae nyuma, na yule aliyechoka kuliko wote. Akisema "tupumzike", wote wapumzike na asiwepo wa kumcheka.

Sisi wenyewe tuna la kutubu. Siku ile yule kijana alipozinduka tulianza kumkaripia: "Nani alikutuma juani?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Sikutaka wanione dhaifu." Tulinyamaza. Tangu siku hiyo, kila kijana anayefika kwetu ameungua na jua au amechubuka goti tunamwambia umefanya vema kuja mapema. Mzazi nawe umwambie mwanao hivyo nyumbani, kabla hajapanda baiskeli. Maneno hayo ni bure, na mtoto aliyeyasikia hataona haya kuomba maji.