Urani ya Bahi na Manyoni: mbona hatujengi kinu chetu?

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani huko Namtumbo, mkoani Ruvuma, Julai 30, 2025, swali moja limekuwa likirudi kwenye simu za kipindi chetu cha asubuhi. Kama urani tunayo, tena hadi huku kwetu Bahi na Manyoni, kwa nini tusijenge kinu cha nyuklia tukaachana na shida ya umeme?

Jibu fupi ni kwamba kuwa na urani hakukupi nafasi kubwa kwenye biashara ya vinu. Niger imechimba urani kwa zaidi ya miaka 50 na haina kinu hata kimoja. Ufaransa ilifunga mgodi wake wa mwisho mwaka 2001, lakini zaidi ya nusu ya umeme wake unatokana na nyuklia.

Wanaojenga vinu nje ya nchi zao wanahesabika: Rosatom ya Urusi, kampuni za serikali za China, Wakorea Kusini, EDF ya Ufaransa na Westinghouse ya Marekani. Rosatom ndiyo imekuwa ikiongoza kwa mikataba ya nje, na teknolojia ni sehemu tu ya sababu. Anayekuja na Rosatom ni mkopeshaji pia.

Tazama Misri. Vinu vinne vya El Dabaa, vyenye uwezo wa megawati 4,800, vinagharimu karibu dola bilioni 30, na Urusi imeikopesha Misri dola bilioni 25 kati ya hizo kwa riba ya asilimia 3, zilipwe kwa miaka 22. Ukizibadili dola bilioni 30 kuwa fedha yetu unapata zaidi ya Sh trilioni 70. Bajeti yote ya Tanzania ya mwaka 2025/26, yaani mishahara, barabara, shule, dawa na madeni, ni Sh trilioni 56.49. Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, lilisainiwa kwa takribani Sh trilioni 6.5, nasi tulilihesabu kuwa mzigo mzito.

Uturuki ilichagua njia nyingine. Kule Akkuyu Warusi wanajenga na kumiliki wenyewe, na serikali imeahidi kununua sehemu kubwa ya umeme kwa senti 12.35 za dola kwa uniti kwa miaka 15. Hukopi, lakini bei umeshafungwa nayo, mvua inyeshe isinyeshe.

Kwa wajenzi wa Magharibi tatizo limekuwa muda. Kinu cha Flamanville huko Ufaransa kilianza kujengwa mwaka 2007 kwa makadirio ya euro bilioni 3.3. Kiliingizwa kwenye gridi Desemba 2024, gharama ikiwa imefika bilioni 13.2. Nchi tajiri huuguza hasara ya namna hiyo ikapona. Wakorea walifanya vizuri zaidi: vinu vyao vinne vya Barakah, katika Falme za Kiarabu, vyote sasa vinazalisha umeme. Ila yule mnunuzi ana mafuta ya kuuza.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi sana majukwaani: ukubwa wa gridi. Matumizi yetu ya juu kabisa ya umeme ni karibu megawati 2,000. Kinu kimoja cha kawaida kinachouzwa sokoni ni megawati 1,000 hadi 1,200. Kikizimika ghafla kwa hitilafu, nusu ya nchi inaingia gizani, na gridi nzima inaweza kufuata. Wahandisi hupenda mtambo mmoja usizidi sehemu ya kumi ya gridi. Ndiyo maana Rwanda na wengine wanazungumzia vinu vidogo, ingawa vingi bado viko kwenye michoro kuliko kwenye zege. Kenya nayo ilipanga kinu Kilifi, wananchi wa Uyombo wakapinga mwaka 2024, na serikali ikageukia Siaya.

Benki ya Dunia iliondoa Juni 2025 zuio lake la miaka mingi la kugharamia nyuklia. Hilo litapunguza ugumu wa mkopo. Ukubwa wa gridi yetu halitaugusa.

Kwa hiyo kwa sasa Tanzania iko kwenye soko hili kama muuza malighafi. Mradi wa Namtumbo ni wa Mantra, kampuni iliyo chini ya Uranium One, ambayo ni ya Rosatom hiyohiyo. Tutakachosafirisha ni unga wa njano. Kazi ya kuurutubisha na kuufanya kuwa fueli, penye thamani kubwa, inafanyika nje, na Urusi peke yake ina zaidi ya theluthi moja ya uwezo wa dunia wa kurutubisha. Sheria ya madini inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 mgodini. Huko mbele, kwenye fueli, hatuna hisa.

Na bei inaamuliwa mbali. Mwaka 2007 ratili moja ilipita dola 130, na miaka hiyo kampuni ya Uranex ya Australia ikawa inatoboa ardhi Bahi na Manyoni. Ikaja ajali ya Fukushima, Japani, Machi 2011. Kufikia mwaka 2016 ratili ilikuwa chini ya dola 20. Januari 2024 ikapanda juu ya dola 100.

Bei ikiwa juu, watafutaji huvutiwa tena. Urani ya Bahi haiko kilindini kama dhahabu ya Geita, iko karibu na uso wa ardhi, kwenye mbuga ileile inayopokea maji ya mto Bubu, ambako watu wanalima mpunga, wanavua na kunywesha mifugo. Wananchi walishauliza hapo awali maji yatalindwaje na fidia itahesabiwa vipi. Maswali hayo yanapaswa kujibiwa kwa maandishi kabla leseni ya uchimbaji haijatolewa, wakati mpunga bado uko shambani.